Naombeni msaada: kuomba radhi kwa Kijapani, kwa barua ya ofisi na kwa wenzako

Bondi_Nakawa ameuliza:

Habari zenu ndugu. Nipo katika ofisi ya kuagiza magari hapa Kampala, na magari yenyewe tunayatoa Japani. Malipo ya gari mbili yamechelewa, kosa ni letu wala si la benki, na bosi anataka barua pepe ya kuomba radhi iende kwa Kijapani, maana anayetuhudumia kule ni mzee ambaye Kiingereza chake ni cha kubahatisha. Halafu kuna kijana wetu wa gereji anakwenda huko huko mwezi ujao kwa mafunzo ya ufundi, naye anataka maneno ya kila siku.

Nimekuta haya: gomen, gomen nasai, sumimasen, shitsurei shimashita, mōshiwake arimasen, mōshiwake gozaimasen. Yote yameandikwa "samahani" tu, basi. Sasa lipi ni la nani? Barua ianze vipi na iishe vipi? Na mtu akijikwaa mbele yangu, nimwambie sumimasen kama tunavyosema pole?

---

Mwalimu_Ntinda amejibu:

Ssebo, nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linalowaangusha watu wetu wengi. Jibu ni hapana. Sisi huku pole tunampa yeyote aliyepatwa na jambo, hata kama hatukuhusika. Mganda atasema bambi, na hata tukiongea Kiingereza tunasema sori kwa mtu aliyemwagikiwa na chai upande wa pili wa chumba. Kijapani hakiendi hivyo. Ukimwambia gomen nasai mtu aliyejikwaa mwenyewe, atageuka kuangalia ulimtegea nini.

Kwa hiyo pole igawe hivi. Aliyejikwaa au kujikata: *Daijōbu desu ka?*, yaani uko salama? Mgonjwa, mnapoagana: *Odaiji ni.* Mfiwa: *Goshūshō-sama desu*, kwa sauti ya chini, na usiongeze maneno mengi wala kuuliza marehemu aliugua nini, kwa maandishi ni *okuyami mōshiagemasu*. Na ile pole na kazi, ambayo Waganda wanaiita gyebale, ina ndugu yake kamili: *Otsukaresama desu*. Hiyo kijana wako ataisema mara nyingi kwa siku kuliko salamu yoyote. Asije akaibadilisha na *gokurōsama*, ambayo ni ya mkubwa kumwambia mdogo.

Sasa maneno ya radhi yenyewe. Mizani ni mbili, na lazima uzisome pamoja: unaongea na nani, na umemgharimu nini.

*Gomen* ni ya rafiki, ndugu na mwanafunzi mwenzako wa rika moja. *Gomen nasai* ina uzito zaidi lakini bado haijatoka nje ya uwanja wa nyumbani: mtoto kwa mzazi, mume kwa mke, jirani mliyezoeana. Mfanyakazi akimwambia mteja gomen nasai anasikika kama mtoto aliyevunja glasi. Hili ndilo kosa kubwa la wageni, kwa sababu ndilo neno la radhi ambalo wengi hujifunza kwanza.

*Sumimasen* ni ya watu usiowajua na wale mnaoheshimiana bila ukaribu: umemkanyaga mtu kwenye treni, umemgonga mtu na begi dukani. Shida yake ni kwamba ina kazi nyingine mbili. Unaitumia kumwita mhudumu wa mgahawa au kuomba kupita, na unaitumia kumshukuru mtu aliyejisumbua kwa ajili yako, kwa mfano aliyekuokotea kalamu. Neno linalotumika kuomba chai haliwezi kubeba deni la gari mbili. Kwa kosa la kazini ambalo ni dogo na limekwisha, *sumimasen deshita* inafaa kwa mwenzako wa idara yako. Kwa mteja, hapana.

*Mōshiwake arimasen* ndiyo ya bosi, mteja, na mwalimu wa chuo. *Mōshiwake gozaimasen* ni daraja moja juu. Jambo likishakwisha, ongeza *deshita* mwishoni. Juu ya hapo kuna *owabi mōshiagemasu*, ambayo ni ya barua na matangazo ya kampuni. Mtu haisemi mdomoni kwa kuchelewa dakika tano.

*Shitsurei shimashita* iko pembeni ya ngazi hii yote. Ni ya kuteleza kwenye adabu: umepiga nambari isiyo yake, umefungua mlango chumba kina watu, umemkatiza mtu. Hasara ya pesa haiingii humo. Ikiwa katika wakati uliopo, *shitsurei shimasu*, ni hodi na kwaheri ya ofisini: unaisema ukiingia kwa bosi na ukitoka. Ukiondoka kazini wenzako wakiwa bado wamekaa, unasema *osaki ni shitsurei shimasu*.

Mitego mitatu kabla sijasahau.

*Gomen kudasai* si radhi. Ni hodi ya mlangoni.

*Yurushite kudasai* ndiyo tafsiri ya moja kwa moja ya nisamehe, na Mganda aliyezoea nsonyiwa ataikimbilia. Usiipeleke ofisini. Radhi ya kazi ya Kijapani inataja kosa na usumbufu ulioleta, kisha inanyamaza. Kumwambia mtu akusamehe ni kumpa kazi nyingine juu ya hasara uliyomtia. Kama lazima uombe kuvumiliwa, kwenye barua kuna *nanitozo goyōsha kudasai*.

Na usiseme *sumimasen desu* wala *gomen nasai desu*. Desu haina nafasi pale. Hata *totemo sumimasen* haisemwi, ingawa totemo ni "sana". Viongeza nguvu ni *dōmo* kwa sumimasen. *Taihen* au *makoto ni* kwa mōshiwake gozaimasen. Na *hontō ni*, ambayo inakubali karibu yote, kuanzia gomen ya rafiki.

Kutamka: irabu ni zetu zilezile tano, hivyo Mswahili ana bahati. Angalia vitu viwili. Ō yenye mstari juu ni oo ndefu kama ya choo. Mōshiwake ni mo-o-shi-wa-ke, usiikate ikawa moshi wa jikoni. Na n ya mwisho wa gomen ni silabi inayojitegemea kama n ya kwanza katika nne: go-me-n-na-sa-i. Halafu u ya desu na i ya -shita karibu zimezwe: "des", "shimash'ta".

---

Karani_wa_TT amejibu:

Mwalimu kamaliza maneno, mimi nishike barua. Za kuchelewesha pesa zina mpangilio wake, na anayezipokea kila siku ataona haraka ukiruka hatua.

Kichwa cha barua kwanza. Kisiwe "Salamu" wala "Muhimu". Kitaje jambo: 送金遅延のお詫び, *sōkin chien no owabi*, radhi kwa kuchelewa kutuma pesa. Ongeza hapo nambari ya ankara au ya chesesi, maana huyo mzee ana wateja wengi na hataki kufukua.

Kisha:

〇〇株式会社　〇〇様
いつもお世話になっております。〔kampuni〕の〔jina〕でございます。
このたびはお支払いが遅れ、ご迷惑をおかけしておりますこと、誠に申し訳ございません。
弊社の手続きに不備があり、6月10日の送金ができておりませんでした。
6月13日に送金し、送金控えをお送りいたします。
今後は期日の3営業日前までに手続きを済ませ、再発防止に努めます。
重ねてお詫び申し上げます。

Isomwe hivi, ili bosi akikuuliza usibabaike:

*(kampuni) (jina)-sama.*
*Itsumo osewa ni natte orimasu. (kampuni) no (jina) de gozaimasu.*
*Kono tabi wa oshiharai ga okure, gomeiwaku o okake shite orimasu koto, makoto ni mōshiwake gozaimasen.*
*Heisha no tetsuzuki ni fubi ga ari, roku-gatsu tōka no sōkin ga dekite orimasen deshita.*
*Roku-gatsu jūsan-nichi ni sōkin shi, sōkin hikae o ookuri itashimasu.*
*Kongo wa kijitsu no san-eigyōbi mae made ni tetsuzuki o sumase, saihatsu bōshi ni tsutomemasu.*
*Kasanete owabi mōshiagemasu.*

Kwa Kiswahili inasema: salamu za biashara na jina lako; malipo yamechelewa na tumewasumbua, tunaomba radhi kwa dhati; taratibu zetu zilikuwa na kasoro, pesa za Juni 10 hazikutumwa; tutatuma Juni 13 na kuwapa nakala ya risiti; kuanzia sasa tutamaliza taratibu siku tatu za kazi kabla ya siku ya mwisho, ili lisirudi; tunaomba radhi tena. Tarehe hizo ni za mfano, weka zako.

Mstari wa kwanza ni jina la kampuni yake na lake yeye likiwa na *sama*. San ni ya mdomoni; kwenye barua ya radhi ni sama. Jina lako mwenyewe halipewi sama wala san hata siku moja. Itsumo osewa ni natte orimasu ni salamu ya biashara isiyorukwa hata ukiwa na aibu ya namna gani. Ndiyo "habari za siku" ya barua zao, ila hauulizi afya ya mtu wala ya familia.

Mstari wa radhi unakuja kabla ya sababu. Siyo "benki ilikuwa na foleni, kwa hiyo samahani". Radhi, ndipo sababu, na sababu iwe fupi, upande wako: *heisha no tetsuzuki ni fubi ga ari*, taratibu zetu zilikuwa na kasoro. *Heisha* ni "kampuni yetu" kwa unyenyekevu. Kampuni yake ni *kisha* kwa maandishi na *onsha* kwa mdomo. Ukizichanganya, ukaiita kampuni yako kisha, umejisifia katikati ya kuomba radhi.

Baadaye tarehe. Hapa ndipo barua nyingi za kutoka kwetu zinapofia. "Hivi karibuni", "wiki hii", "tukipata", hayo kwake hayana maana yoyote. Andika siku. Kama hujui pesa zitatoka lini, usitume ahadi. Tuma radhi fupi yenye *toriisogi owabi mōshiagemasu*, yaani naharakisha kuomba radhi kwanza, na useme siku utakayompa tarehe kamili. Radhi mbili zenye tarehe zina afadhali kuliko moja yenye tarehe ya uongo. Ukivunja tarehe uliyojiwekea mwenyewe kwenye barua ya radhi, hakuna mōshiwake itakayokuokoa; gari litauzwa kwa mwingine.

Mstari wa kuzuia lisirudi, *saihatsu bōshi*, uwe na kitu kinachoonekana. Hapo nimeweka siku tatu za kazi kabla ya siku ya mwisho. "Tutajitahidi" peke yake inasomeka kama hukufikiri.

Usiandike *suimasen*. Ndivyo wengi wanavyoitamka sumimasen mdomoni, lakini kwenye maandishi ya ofisi inaonekana uvivu.

---

Saiti_Jinja amejibu:

Nyongeza ya mdomoni na ya mwili, kwa huyo kijana wa gereji. Wale waliofanya kazi chini ya wasimamizi wa Kijapani, iwe kwenye daraja la Mto Nile hapa Jinja lililofunguliwa 2018, iwe kwenye mafunzo ya mpunga kule Namulonge, watakwambia kwamba kinachotazamwa kwanza ni saa.

Kuchelewa kunaombewa radhi *kabla* ya kuchelewa. Ukijua saa mbili hutafika, piga simu saa mbili kasoro, siyo saa mbili na robo. Maneno:

*Mōshiwake arimasen. Densha no chien de, jūgo-fun hodo okuresō desu.* (Treni imechelewa, nahisi nitachelewa kama dakika 15.)

Taja dakika, na taja nyingi kuliko unavyodhani. Ukisema 15 ukafika kwa 12, limekwisha. Ukisema 5 ukafika kwa 12, umechelewa mara mbili. Treni ikichelewa kweli, stesheni hutoa karatasi iitwayo *chien shōmeisho* ya kuthibitisha. Achukue, ampe msimamizi bila kungoja kuulizwa. Ukifika: *Okurete mōshiwake arimasen deshita*, mara moja, kisha kazini. Hakuna kusimulia msongamano.

Hapo natofautiana kidogo na Karani. Kwenye barua sababu inaandikwa, sawa. Ana kwa ana, usiitoe mpaka uulizwe. Ukianza na "lakini", *demo*, kila kinachofuata kinaitwa *iiwake*, visingizio, hata kama ni kweli tupu. Ukiulizwa kwa nini, ndipo unaeleza, sentensi moja au mbili.

Kuinama kuna daraja tatu zinazofundishwa: nyuzi 15 za kupishana na kusalimia (*eshaku*), 30 za heshima ya kawaida (*keirei*), 45 za radhi nzito na shukrani kubwa (*saikeirei*). Hakuna atakayekuja na kipimo, lakini tofauti inaonekana. Mpangilio ni huu: simama, mtazame, sema maneno yako yote, *ndipo* uiname. Wageni wengi huinama huku wanaongea, sauti inakwenda sakafuni na mtu hasikii kitu. Mgongo na shingo vinyooke pamoja. Kichwa kikishuka peke yake ni kama unatafuta sarafu. Mikono ya mwanamume iko ubavuni, ya mwanamke hukutana mbele. Ukifika chini tulia kidogo, kisha inuka polepole kuliko ulivyoshuka.

Usicheke. Sisi kuna kile kicheko cha aibu kinachotoka chenyewe mtu akiharibu kitu. Pale kinasomeka kama hukujali.

Na kupiga magoti, hapana. Kwa Waganda kupiga magoti ni heshima ya kila siku, mtoto wa kike anamsalimia mgeni hivyo bila kuona kitu. Japani kupiga magoti na kugusa sakafu kwa paji la uso ni *dogeza*, ni kitu cha mwisho kabisa, na ukikifanya ofisini utawatia watu hofu. Mwaka 2013 mjini Sapporo mteja aliyewalazimisha wahudumu wa duka la nguo wafanye dogeza alikamatwa na polisi. Ndivyo kilivyo kizito.

Mwisho: gereji ikifanya kosa kwa mteja, mkubwa wa idara anaweza kwenda kuomba radhi pamoja na aliyekosea. Kijana asidhani bosi anamfunika au anampora nafasi. Asimame nyuma yake kidogo, ainame anapoinama yeye, na asiinuke kabla yake.

---

Bondi_Nakawa:

Asanteni sana, hii ni shule. Bado mambo mawili. Kijana anasema hayo yote ni ya wakubwa. Yeye atakaa bweni na vijana wenzake, hawezi kuwaambia mōshiwake gozaimasen kwa sababu ya kumaliza maji ya moto. Na la pili, wao wakituomba radhi sisi tunajibu nini? Huyo mzee kila barua anaanza na radhi hata pale ambapo sisi ndio tuna deni, mpaka tunaona haya.

Halafu nimejaribu kuandika sentensi mwenyewe ya mdomoni, kwa sababu bosi anataka kumpigia pia: *"Okureru sumimasen desu, okane wa kondo okurimasu."* Nirekebishieni.

---

Mwalimu_Ntinda amejibu:

La kijana. Kweli, akiwaambia wenzake wa chumba mōshiwake gozaimasen watadhani anawakebehi. Na hata gomen nasai kila saa itamweka mbali nao. Ajifunze kiolezo kimoja tu, kwa sababu kinazaa sentensi nyingi: kitenzi (au kivumishi) katika umbo la *-te*, yaani kinachoishia -te, kisha *gomen*.

*Okurete gomen.* Nimechelewa, samahani.
*Henji osokute gomen.* Nimechelewa kujibu ujumbe wako.
*Wasurechatte gomen.* Nimesahau.
*Renraku dekinakute gomen.* Sikuweza kukupigia.
*Kono aida wa gomen ne.* Yale ya juzi, samahani. (Hii haina -te, ikariri ilivyo.)

Ile *-chatte* ni *-te shimatte* iliyofupishwa mdomoni, na inaongeza majuto: sikukusudia, limeshatokea. Ukikana, -nai inageuka -nakute. Ukibadilisha mwisho tu, kiolezo kilekile kinapanda ngazi: *okurete sumimasen* kwa mtu mzima wa bwenini, *okurete mōshiwake arimasen* kwa msimamizi. Ndiyo maana nasema ajifunze umbo la -te kabla ya kukariri maneno ya radhi.

Wanaume kwa wanaume wana *warui*, ambayo peke yake ni "mbaya", na hapa ni kama "noma, kaka": *Warui, ashita ikenai*, samahani, kesho siji. *Suman* ni ya mwanamume mtu mzima kwa aliye chini yake au rafiki wa zamani. Mgeni wa miaka 20 akiitumia watu watacheka. Aiache. *Gomen ne* ni laini, inasemwa na wote, na *gomen gomen* ya haraka haraka ni ya jambo dogo kabisa. Kurudia hivyo kunapunguza uzito, hakuongezi! Huku kwetu "pole pole pole" ni huruma inayozidi, kule gomen gomen ni kama kupunga mkono. Jambo likiwa kubwa, iwe moja na *hontō ni* mbele: *Hontō ni gomen.*

Ishara ya viganja viwili kukutana mbele ya uso, kama mtu anayesali, ni ya marafiki tu. Akimfanyia msimamizi ataonekana anatania.

Kuna moja nzuri ya kukutana mjini: *Gomen, matta?* Samahani, umengoja? Jibu la kiungwana ni *Uun, ima kita tokoro*, hapana, ndiyo kwanza nimefika, hata kama amesimama nusu saa.

Sasa kujibu. Rafiki akikuambia gomen: *Daijōbu*, au *Ki ni shinaide*, usijali. Mtu wa heshima: *Iie, tondemo nai desu*, hapana, si kitu kabisa. Na mzee wenu anayeanza na radhi kila barua, jibu lake ni *Kochira koso*, sisi ndio hasa. Kwenye barua: *Kochira koso, gomeiwaku o okake shite orimasu.* Msione haya. Sehemu kubwa ya hizo si kukiri kosa. *Osoreirimasu ga* na *otesū o okake shimasu ga* ni njia ya kutanguliza heshima kabla ya kuomba kitu, kama sisi tunavyoanza na "samahani kidogo" kabla ya kuuliza njia. Mkidhani amekiri kosa mkaanza kudai punguzo la bei, mtakuwa mmemkosea vibaya.

Sentensi yako. *Okureru* iko katika umbo la kamusi, haiwezi kushika radhi, iwe *okurete*. Desu toa, nilishasema. *Kondo* ni "safari nyingine", maana yake umemwambia pesa zake utamtumia siku nyingine ukijisikia. Na sumimasen ni ndogo kwa deni hilo. Bosi aseme hivi:

*Oshiharai ga okurete, makoto ni mōshiwake gozaimasen. Jūsan-nichi ni sōkin itashimasu.*

Aiseme polepole, anyamaze, amwache mzee ajibu. Asijaze kimya kwa maelezo.

---

Karani_wa_TT amejibu:

Kuhusu kupiga simu: Japani iko mbele yetu kwa saa 6. Ofisi yao ikifungua saa tatu asubuhi, kwetu ni saa tisa za usiku. Wakifunga saa kumi na mbili jioni, kwetu ni saa sita mchana. Kwa hiyo bosi asipige baada ya chakula, atamkuta mlinzi. Apige kati ya saa mbili na saa nne asubuhi yetu. Ratiba yao ya chakula cha mchana, saa sita hadi saa saba, kwetu ni saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi, nayo airuke. Barua ya Ijumaa alasiri ya Kampala itasomwa Jumatatu, na radhi iliyolala siku tatu inaonekana imechelewa hata kama uliituma papo hapo. Aidha, wiki ya mwisho wa Aprili kuingia Mei, katikati ya Agosti, na kuanzia tarehe 29 Desemba hadi 3 Januari wengi wako likizo.

Ikiwezekana simu itangulie, barua ifuate siku hiyohiyo, na mwanzo wa barua utaje simu: *Sakihodo wa odenwa nite shitsurei itashimashita.* Hapo shitsurei ni ya adabu ya simu. Radhi ya deni inabaki kwenye mstari wake.

Risiti ya TT, yaani ya kutuma pesa nje kupitia benki, iambatanishe siku pesa zinapotoka, siyo zinapofika. Ukituma barua ukasahau kuiweka, usitume barua nzima upya. Tuma mistari miwili: 添付を忘れておりました。失礼いたしました。 *Tenpu o wasurete orimashita. Shitsurei itashimashita.* Na hakikisha ya pili inayo.